Tumbo la Mabaki ya Vitambaa

Haya nimeyapata kwa mjukuu wangu mwenyewe, Jumapili iliyopita, akinipunguzia gauni. Watu humwita Pini, maana ni fundi cherehani na hushinda na pini mdomoni. Siku hiyo alizitoa, nikajua kuna neno.

Pini anakaa na kaka yake na wifi yake. Wifi alikuwa na mimba ya miezi mitatu, baada ya miaka sita ya kungoja. Kliniki ikatangaza kwamba rubela inazunguka mtaani: homa kidogo, vipele siku tatu, mtu mzima anapona bila hata kulala. Lakini ikiipata mimba changa, mtoto huweza kuzaliwa kiziwi au kipofu. Basi kila mjamzito atoe damu, maabara itazame kama mwilini mna kinga, na kama ni ya zamani au imezuka juzi, ijulikane kirusi kimefika wapi.

Wifi haogopi mtu wala jini, ila sindano. Alilia mpaka Pini akamwambia alete kadi, atakwenda yeye badala yake, kwani hujichoma kila siku na hakuna anayempa pole.

Akashona tumbo, mabaki ya vitambaa ndani, kamba kiunoni. Kazi safi, ila fundi asiyewahi kuzaa hajui kipimo. Sista wa kliniki alitazama kadi, akatazama tumbo, akauliza miezi mitatu hiyo ilianza kuhesabiwa mwaka gani. Pini akajibu kuwa kwao huzaa mapacha. Sista akaandika kitu pembeni, akachukua damu.

Wiki haijaisha, simu ikaja: mwenye kadi afike upesi, asije peke yake. Pini akamsindikiza. Sista alifunga mlango, macho kwenye majibu bila kutazama sura, akasema taratibu kwamba kinga iliyoonekana ni mpya. Ugonjwa umeingia mwezi huu huu.

Wifi akashika tumbo lake dogo la kweli, machozi yakamchuruzika bila sauti. Pini aliutazama mlango kwa hamu, kisha akamgeukia Sista.

"Sista, damu ile ni yangu."

Sista akamtazama kiunoni, palivyo bapa kama ubao. "Na mapacha?"

"Nimewafua. Wako kwenye kamba."

Sista hakucheka. Aliuliza kama amepata vipele karibuni. Hapo Pini akahesabu siku kwa vidole. Alivipata, wiki tatu nyuma, akavipaka poda ili asikose harusi ya shoga yake, na kila jioni alikula sahani moja na wifi yake. Kumbe kirusi kakiingiza nyumbani mwenyewe.

Wifi akapandisha mkono wa gauni bila kuambiwa.

"Choma," alisema. "Huyu nitamchoma mimi tukifika nyumbani."

Majibu yalitaka siku tatu. Wifi hakusema naye. Akitaka kupita, humwambia mumewe amwambie dada yake apishe. Naye Sista hakumwacha Pini akae bure. Alitaka daftari lake la vipimo, kwa kuwa fundi hujua kiuno kinachonenepa kabla ya mume. Wakapatikana wateja watano wenye mimba aliowapima akiwa na vipele, Pini akatumwa mlango kwa mlango kuwaita kliniki. Wa nne alikuwa hajamwambia hata mama yake. Matusi aliyoyapata pale hakunitajia, nami ni bibi yake, sikumlazimisha. Lakini wote watano walikutwa salama.

Siku ya tatu, mchana, Sista akaja mwenyewe. Kinga ya wifi ni ya zamani, ya utotoni. Kirusi kilibisha hodi kikakuta komeo.

Wifi akacheka, akalia, akacheka tena. Nyumba nzima haikuwa imefumba jicho tangu kliniki.

"Wifi," akamwambia Pini, "nipishe nilale."

Pini alinyanyuka mkekani kama mtu aliyepewa zawadi. Wifi akalala palepale. Kaka akasinzia kitini, viatu mguuni. Pini akaketi kwenye cherehani amalizie mshono mmoja tu. Mguu ukapunguza mwendo, ukasimama, shavu likashuka juu ya kitambaa, naye akalala.