Mtihani wa Mchungaji Vornanen

Itangazwe kwa watu wote wa Hirvilampi, wanaoamini na wanaokuja kwa ajili ya kahawa tu, kwamba mwaka huu kinkeri itafanyika kama enzi za mababu. Kila mtu atasoma Neno kwa sauti mbele ya wenzake, kisha atatoa maelezo ya mafundisho ya imani bila kutazama kitabu, bila kusitasita na bila visingizio.

Ndivyo alivyonguruma Mchungaji Eljas Vornanen kutoka madhabahuni, Jumapili moja ya Februari. Alipogeuka kwa fahari ili aondoke, alijikwaa kwenye zulia, na kama si kinara cha mishumaa alichokidaka angeondoka kwa magoti.

Kinkeri ni siku ambayo mchungaji huenda kijijini kuwapima watu imani yao katika nyumba ya mmoja wao. Kwa miaka mingi imani ilikuwa haipimwi tena. Kilichopimwa ni maandazi ya nani yameumuka vizuri. Jambo hilo lilimkera Vornanen. Alikuwa na mwaka mmoja tu katika usharika ule, na watu walimsikiliza kama wanavyosikiliza utabiri wa mvua ya mkoa mwingine. Bado walikuwa wanamlilia mchungaji mzee aliyemtangulia. Vornanen alitaka heshima, na njia aliyoiona ni vitabu. Kanisa letu, aliwaza, limelelewa na kusoma. Zamani mtu hakuoa mpaka ajue kusoma. Anayesoma anajua anachoamini, na anayejua hatikisiki. Lilikuwa wazo zuri, nalo lilimpendeza sana mwenyewe.

Siku ilipofika, sebule ya Saimi Kolehmainen ilijaa watu waliokaa kimya na soksi zao za sufu, kama wagonjwa wanaosubiri kung'olewa meno. Mauno Räty, dereva wa lori la magogo, alikuwa amejibanza mlangoni.

"Mauno, mbona umekaa huko?" Mchungaji aliuliza.

"Hewa, Mchungaji. Napenda hewa."

Nje baridi ilikuwa ya kugandisha mate.

"Muongo huyo," alisema Saimi. "Injini ya lori ameiacha inanguruma. Ukimtaja jina tu, utamwona barabarani." Kisha akaweka mezani Biblia kubwa kama kreti ya bia. "Haya, Mchungaji. Hapa kwetu mgeni ndiye anayeanza, na anasoma Biblia ya nyumba. Mchungaji mzee alifanya hivyo kila alipokuja."

"Bila shaka," alisema Vornanen, akaifungua kwa mikono miwili.

Moyo ukamshuka mpaka kwenye soksi. Ilikuwa imechapwa kwa zile herufi za kale, nyeusi, zenye pembe na mikia, mfano wa kunguru waliopanga foleni. Hakutambua hata neno moja. Akatazama nyuso zilizomzunguka. Akikiri sasa, mtihani umekufa, na heshima imezikwa nao. Mtu aliyekuja kuwapima wenzake kusoma, hajui kusoma!

Basi akakohoa, akaweka kidole kwenye ukurasa, akaanza ile zaburi ya mchungaji na kondoo, ambayo aliijua tangu utoto. Alisoma vizuri ajabu. Kidole kilitembea mstari kwa mstari. Mahali pamoja hata alisita kidogo na kukunja uso, kama mtu aliyekutana na neno gumu. Alipomaliza, akafunga macho kwa unyenyekevu.

"Imetulia," alisema Saimi. "Ila nina swali, Mchungaji. Hiyo zaburi imehama lini?"

"Imehama?"

"Umefungua mwisho kabisa, baba. Hapo ni kwenye mazimwi na tarumbeta. Zaburi ziko katikati."

Vornanen akatazama. Kweli, chini ya kidole chake zilibaki kurasa chache tu, halafu jalada.

"Nilikuwa... naunganisha Maandiko," alisema.

"Unganisha tu," Mauno alisema kutoka mlangoni. "Hata mimi trela langu huwa naliunganisha, lakini kwanza natazama ni la nani."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Vornanen akahisi masikio yanawaka, kisha akachoka kujitetea.

"Siwezi kuzisoma herufi hizi," alisema. "Hata moja."

Alingoja fedheha imshukie. Badala yake Saimi akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Nani anaweza? Tangu bibi yangu afe, humu ndani hakuna anayezijua. Na mchungaji mzee naye alikuwa akitusomea zaburi hiyohiyo, kila mara. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anafungua katikati."

Mauno alitoka nje, akazima injini, akarudi na kuketi mezani. Vornanen alivuta pumzi ya kwanza ya maana tangu ile Jumapili. Kila wiki anawahubiria watu hawa kwamba neema hutolewa bure, kisha amewajia na mtihani! Akacheka peke yake, akanyoosha mkono kuchukua andazi.

Saimi akaudaka mkono huo hewani. Mkono wa shati ulikuwa umepanda, na kifundo chote cha mkono kilikuwa na maandishi madogo ya wino wa buluu.

"Na hii nini tena, Mchungaji?"

Vornanen akapandisha shati zaidi, wote waone.

"Ni maelezo ya kifungu cha tatu cha imani," alisema. "Kile kinachofundisha kwamba mtu hawezi kuamini kwa akili zake wala kwa nguvu zake mwenyewe. Nilikusudia kuwauliza ninyi. Mimi kila nikifika katikati, nakisahau."