Mazishi ya Mtu wa Chiriku

Tangu mdogo wake akate roho, Dada Mkubwa alikuwa anaulizwa swali moja tu, na wengine kwa upole, wengine kwa ukali: je, alitubu? Waliuliza majirani waliokuja kumpa pole. Waliuliza wanawake wa kwaya huku wakimenya vitunguu uani. Aliuliza Baba Mdogo, ndugu wa marehemu baba yao, ambaye hakuwa na habari na kanisa isipokuwa siku za harusi na za mazishi, lakini siku hizo alikuwa mkali kuliko wazee wa kanisa wenyewe.

Kila alipoulizwa, Dada Mkubwa alijifanya ana kazi. Na kazi kweli ilikuwepo. Yeye ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi ndiye aliyeshona kanzu zote za kwaya, na ndiye mlezi wa kwaya yenyewe. Sasa alikuwa anashona shati jeupe la kumzikia mdogo wake, katika chumba cha mbele ambako cherehani inakaa dirishani, na chozi likitaka kudondoka analiwahi kwa kiwiko lisije likatia doa kitambaa.

Marehemu alikuwa fundi redio. Mtaa mzima ulimwita Santuri, na jina hilo hakulipata bure. Ujanani alikuwa mtu wa kanisa kama wengine, hata ngoma ya kwaya alipiga, mpaka siku aliposikia sahani ya santuri ya mwimbaji mmoja aliyeitwa Chiriku. Basi hapo ndipo alipopotea, au alipopatikana. Inategemea unamwuliza nani. Chiriku hakuimba habari za Mungu. Aliimba habari za wanaume wanaochelewa kurudi nyumbani na wanawake wanaojifanya wamelala. Lakini Santuri alipomsikia alikaa chini, akasahau kula, na Jumapili iliyofuata hakuonekana kanisani. Wala iliyofuata hiyo.

Chiriku alipofariki, mambo yakazidi. Kila Jumapili asubuhi, saa ileile ya ibada, watu walikusanyika katika karakana ya Santuri: kinyozi wa jirani, muuza mkaa, mwalimu mstaafu wa hesabu, muuguzi aliyekuwa akitoka zamu, na wengineo. Walivua viatu mlangoni. Waliketi sakafuni katikati ya maredio yaliyofumuliwa matumbo, wakasikiliza, na asiyeweza kunyamaza alitolewa nje bila kuonewa haya. Mmoja wao akiugua, walipokezana kumwuguza. Akifiwa, walikwenda kulala msibani. Mtaa ukawaita Watu wa Chiriku kwa kuwacheka, nao wakalipokea jina hilo kwa mikono miwili.

Dada Mkubwa hakucheka. Aliona wazi kwamba mdogo wake anamwabudu mwanadamu, tena mwanadamu mlevi, na alimwambia hivyo uso kwa uso.

"Hiyo siyo dini. Dini ina Mungu. Nyinyi mna mashine."

Santuri alimjibu huku akichomelea waya, bila hasira, "Na kwaya yenu je, Dada? Mnaimba na spika kubwa kuliko mlango wa kanisa."

Wakanuniana mpaka watu wakazoea. Ukiniuliza mimi, wote wawili walikuwa vichwa vigumu waliotoka tumbo moja, na kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aanze.

Ugonjwa ndio uliowapatanisha. Dada Mkubwa alimwuguza mwenyewe hospitalini, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza kitandani, akamkata kucha. Lakini moyo haukumtulia. Aliamini jehanamu ipo kama anavyoamini jiko lake lipo, na alimpenda mdogo wake kuliko alivyowahi kumwambia. Alasiri ya mwisho akamwinamia sikioni.

"Mdogo wangu, sema nami maneno mawili tu. Bwana, nirehemu. Usiposema, mimi nitaishije?"

Santuri alimgeuzia uso. "Mimi nimesali kila Jumapili, Dada," alisema. "Wewe hukutaka tu kuamini."

Hakusema lingine. Jioni ilipoingia alikata kauli, na taa za wodi zilipowashwa alikuwa ameshakwenda. Hilo ndilo lililokuwa kifuani mwa Dada Mkubwa wakati watu wote wanamwuliza alitubu, alitubu.

Asubuhi ya mazishi Mchungaji alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mwema, tusimwonee. Aliketi kwenye kiti cha wateja, kofia magotini, akazungumza polepole.

"Mama, wazee wa kanisa wamekaa. Mtu aliyejitoa hatuwezi kumzika kama mshirika wetu, isipokuwa kama alirudi. Wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho. Niambie neno moja tu, alirudi, nami navaa kanzu sasa hivi na kwaya yako inaimba. Sitakuuliza la pili."

Baba Mdogo alikuwa amesimama mlangoni, akimkonyeza Dada Mkubwa mpaka jicho likaanza kutoa machozi. "Alirudi, Mchungaji! Si alirudi, mwanangu? Sema basi. Maiti hawezi kubisha."

Dada Mkubwa alibanwa. Tangu alipoamka alikuwa amelipanga jibu hilo, na sasa lilikuwa tayari mdomoni. Akisema uongo wa neno moja, mdogo wake atasindikizwa kwa sala, na labda sala hizo zitamfikia huko aliko na kumvuta. Akisema kweli, atafukiwa kama gogo. Dada gani angesita?

Akalitazama shati jeupe lililokunjwa juu ya cherehani. Alikuwa amelishona kwa vipimo vya Santuri vya siku za mwisho, vya mwili uliokwisha. Maisha yake yote hakuwahi kumvisha mteja nguo aliyopimiwa mtu mwingine, hata pale mteja alipombembeleza.

"Hakurudi, Mchungaji," alisema, na sauti ilimtoka kama si yake. "Nilimwomba, akakataa. Aliniambia amesali kila Jumapili. Maneno yake ya mwisho ndiyo hayo. Siwezi kumtilia mengine mdomoni."

Baba Mdogo alishika kichwa. Mchungaji akasimama na kuvaa kofia yake.

"Basi nitakuja kama jirani," alisema. "Bila kanzu."

Jeneza liliposhushwa kaburini ndipo pengo lilipoonekana. Hakuna aliyejua nani aseme nini. Wachimba kaburi waliegemea sepetu zao. Mchungaji alisimama nyuma kabisa, amevaa suti, mikono ameifumbata. Wanawake wa kwaya, nao bila kanzu, walitazamana. Na Watu wa Chiriku, waliokuja wengi kuliko mtu yeyote alivyotegemea, walikuwa wameganda kama watoto walioitwa ubaoni. Katika miaka yao yote hawakuwahi kuzika. Kila mwenzao aliyekufa alichukuliwa na ndugu zake akarudishwa kwenye dini aliyozaliwa nayo. Huyu alikuwa wa kwanza asiye na pa kurudishwa.

Baba Mdogo alishindwa kuvumilia. "Ehe," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Dini gani hii isiyo na neno la kuzikia?"

Maneno yale yaliwaingia. Yalimwingia hata Dada Mkubwa, maana ndiyo aliyokuwa akiyasema yeye siku zote, na kuyasikia yakisemwa juu ya jeneza la mdogo wake kulimwuma vibaya.

Kinyozi akavua viatu. Wengine nao wakavua. Wakaketi kulizunguka kaburi, juu ya udongo mbichi, na nguo zao nzuri zote, na kinyozi akaanzisha wimbo. Ulikuwa wimbo wa Chiriku ambao kila mtu aliwahi kuusikia redioni, wa mume aliyechelewa kilabuni anayemsihi mkewe: usifunge mlango, bado niko njiani. Walipofika kwenye maneno hayo waliyarudia. Wakayarudia tena, na tena, kisha wakaruka ubeti mzima na kutua katikati ya neno, wote kwa pamoja, hakuna aliyejikwaa.

Dada Mkubwa alidhani wamekosea kwa uchungu. Muuguzi, aliyeketi karibu na miguu yake, akamvuta pindo la gauni na kumnong'oneza.

"Sahani yetu ina mkwaruzo hapo, sindano huruka. Kaka Santuri aliwahi kuletewa mpya, nzima kabisa. Tuliisikiliza mara moja tu, tukamwomba aturudishie yetu."

Usifunge mlango, bado niko njiani. Bado niko njiani. Dada Mkubwa alikuwa ameusikia wimbo huo mara nyingi ukipenya madirishani, na kila mara aliuita uchafu. Sasa aliusikia kama ombi. Hakujua linaelekezwa kwa nani, na alipozitazama nyuso zao hakuona kama wao wanajua. Walikuwa wanaomba tu. Alilia, na safari hii hakutafuta kiwiko.

Wimbo ukaisha. Wachimba kaburi wakashika sepetu. Lakini Watu wa Chiriku hawakuinuka. Jua lilikuwa kali. Mwalimu mstaafu alikuwa anatiririka jasho mpaka shingoni, na magoti ya muuza mkaa, mzee wa watu, yalikuwa yanatetemeka, na bado waliketi palepale, macho kwenye jeneza.

"Wanangoja nini tena hawa?" Baba Mdogo aliuliza.

Muuguzi alimgeukia Dada Mkubwa. "Hatuinuki mpaka kaka anyanyue sindano kwenye sahani," alisema. "Siku zote ni yeye. Akishainyanyua, ndipo tunakwenda. Hatukukumbuka, dada. Wimbo tumeukumbuka, hili hatukulikumbuka."

Kinyozi aligeuza uso kumwelekea Dada Mkubwa. Kisha mwalimu. Kisha wote. Paji lake la uso lilikuwa lilelile la Santuri, na vidole virefu vilevile, na walimtazama kama watu waliofungiwa ndani wanavyomtazama mwenye ufunguo.

Naye alimtazama Mchungaji. Mchungaji aliinamisha macho. Dada Mkubwa alielewa. Watu wale hawakuwa kundi lake, na bila kanzu hakuwa na la kuwapa. Alielewa na mengine. Kanisani kwao mwanamke hafungi ibada, na kabla ya jioni wazee watakuwa wamesikia, na kanzu za kwaya zitatafutiwa fundi mwingine, na kwaya mlezi mwingine. Aliwaza hayo yote, na magoti ya muuza mkaa yalikuwa bado yanatetemeka.

Akavua viatu. Akaunyanyua mkono wake taratibu, kama mtu anayeinua kitu chepesi ambacho kikiponyoka kitakwaruza. Maneno ya kufungia aliyoyajua maishani yalikuwa ni hayo tu, kwa hiyo aliyasema hayo.

"Nendeni kwa amani."

Watu wa Chiriku walishusha pumzi, lakini hawakujua la kuitikia. Aliyeitikia ni Mchungaji, huko nyuma, kwa sauti ndogo, kabla hajajizuia.

"Amina."

Kisha wakainuka wote, wakavaa viatu vyao, na kila mmoja akachukua udongo mkononi.