Fundi Aacha Meno kwa Daktari

Fundi cherehani alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Taya la kushoto lilipokuwa likimvuta tangu jana yake asubuhi, maumivu yakishuka mpaka begani, mkewe alimwambia waende hospitali kubwa, kitengo cha dharura. Fundi akatia ngumu. Huko wanapelekwa waliogongwa na magari, yeye akatafute nini? Taya lina mwenyewe, akasema, na mwenyewe ni daktari wa meno. Mkewe akabisha mara mbili, ya tatu akajifunga kitambaa cha kichwa wakatoka.

Walifika kliniki ya meno ghorofani jasho likimtiririka fundi, na ngazi zenyewe zilikuwa kumi na mbili tu. Daktari wa meno, binti wa umri wa kitinda mimba wao, akamkalisha kwenye kile kiti kirefu na kumwuliza ni jino gani.

"La chini, huku kushoto," akasema fundi. Akatia vidole mdomoni, akachomoa safu nzima ya meno ya bandia, akaifuta kwa leso na kumkabidhi. "Yatazame taratibu, binti yangu. Kama yanabana, punguza pembeni. Nitayapitia Ijumaa."

Jamani, mtu akishona suruali za watu maisha yake yote, basi kila kitu kwake huachwa na kupitiwa Ijumaa. Msaidizi wa daktari alikimbilia chumba cha pili akacheke huko. Daktari mwenyewe hakucheka.

"Mzee, haya ni plastiki. Hayaumi. Ulipopanda ngazi, maumivu yalizidi?"

"Kidogo."

"Na mkono je?"

"Mkono wa fundi lazima uume. Mkasi huo, siku nzima."

"Unakata kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na unaouma?"

Fundi akautazama mkono wake wa kushoto. Daktari alikuwa ameshanyanyua simu kuita gari la wagonjwa.

"Hii si kazi yangu," akasema alipomaliza. "Huu huenda ni moyo, na moyo hausubiri foleni. Tafuna kidonge hiki."

"Kwa meno gani?"

Hivyo fundi akarudishiwa meno yake siku ileile. Akatafuna, huku akieleza kwamba ana suti ya bwana harusi haina mikono, kwa hiyo gari limpitishe dukani kwanza, dakika mbili tu. Gari likafika. Wahudumu walimbeba na ubishi wake hadi kitengo cha dharura, wakambandika nyaya kifuani, na daktari wa zamu akatoka na karatasi. Mshipa wa moyo umeziba. Wamewahi, lakini kwa kuponea chupuchupu, na wanamwandalia chumba cha kuuzibua sasa hivi.

Wakaachwa wawili nyuma ya pazia.

"Baba watoto," akasema mkewe, "kweli hukujua kwamba jino la plastiki haliumi?"

Fundi alitazama dari. "Nilijua."

"Sasa?"

"Niliogopa. Kwa daktari wa meno hakuna anayeambiwa anakufa."

Alijua sasa atasemwa, na safari hii alistahili. Lakini mkewe alivuta stuli, akakaa, akamshika ule mkono unaouma.

"Hata mimi nilijua," akasema. "Ningeweza kukuburuta mpaka hapa tangu jana. Nilitamani sana liwe jino."

Wakabaki hivyo, wakiogopa pamoja, mpaka muuguzi alipokuja kumchukua.