Mwandishi wa Kipeperushi

"Jina halimo," Trygve alisema, akikigeuza kipeperushi cha hoteli mbele na nyuma kama mtu anayetafuta bei. "Jina hakuna, mwaka hakuna. Kwenye marejeleo utaiandika hoteli kuwa ndiye mwandishi, basi."

"Hoteli haijui kuandika," Oddny alijibu. "Aliandika mama."

Alisema kwa sauti ileile aliyoagizia kahawa. Mama yake, Gudveig, mpokea wageni wa hoteli hiyo ya kando ya fyodi, ule mkono mwembamba wa bahari katikati ya milima, alikuwa amezikwa Ijumaa. Tangu hapo Oddny alikuwa kama mdomo uliotoka kwa daktari wa meno: upo, lakini hausikii kitu.

Tasnifu yake, juu ya namna hoteli za Vestlandet, pwani ya magharibi ya Norwei, zilivyowauzia watu wa mjini ukimya, ilitakiwa siku hiyo saa sita mchana. Alirudi chuoni akiwa na miaka hamsini na ushee, baada ya kiwanda cha samaki kumpunguza. Wasichana wa darasani walimwita Shangazi mpaka akazoea kuitika.

Trygve, msimamizi wake, alikuwa mdogo kwake, na alimwonea huruma. Lakini huruma haiandikwi kwenye marejeleo.

"Dada, msahihishaji atauliza umejuaje. Ukitaka jina lake liingie, liingie kama mazungumzo binafsi, na hayo yanataka tarehe. Ulimhoji lini?"

"Nimhoji? Nilikuwa naishi naye."

"Ndiyo hivyo, hiyo haina tarehe. Weka hoteli, chukua alama zako, nenda kalale."

Oddny alikitazama kipeperushi. *Hapa hata saa za ukutani hunong'ona.* Miaka yote meneja aliringia sentensi ile mbele ya wageni, na Gudveig, nyuma ya kaunta, akaendelea kupanga funguo. Oddny alijaribu kukumbuka jioni moja tu. Zikamjia zote kwa pamoja, kama shuka zisizokunjwa. Kisha moja ikajitenga: sahani za keki hazijaoshwa, watoto wa jirani wameshaondoka, mama kasukuma mishumaa pembeni apate pa kuandikia, maana mpiga chapa anasubiri. "We mwenye siku yako," akauliza, "saa hunong'ona au husinzia?"

"Tarehe kumi na mbili Novemba," Oddny alisema. "Sabini na tisa. Nilikuwa natimiza miaka tisa."

Trygve alijikuna shavu. "Kwa hiyo mhoji alikuwa na miaka tisa."

"Na keki tele mdomoni."

"Msahihishaji atacheka."

"Acheke."

Akaandika jina la Gudveig, akaandika tarehe, akaagiza ichapwe. Trygve akamsogezea kiti karibu na printa. Ukurasa wa mwisho ulitoka na joto lake. Oddny aliushika kwa viganja vyote viwili, bila kuusoma, mpaka ukapoa.