Zamu ya Saba ya Bi Fidencia

Kisanduku chenyewe hakikuwa kikubwa. Kirefu kidogo kuliko kiganja, cheupe, chepesi mkononi. Bi Fidencia alikuwa amekiweka mezani juu ya kitambaa safi tangu Jumatano, na kila alipopita jikoni alikitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyesema ataondoka lini. Sasa ilikuwa Ijumaa asubuhi, na mkutano wa kijiji ulikuwa Jumapili.

Kwao Santa Inés, huku milimani Oaxaca, kazi za kijiji hazina mshahara. Mkutano ndio unaozigawa kwa zamu, kila zamu mwaka mzima, na ukitajwa umetajwa. Mjane hutumikia zamu saba, kisha hupumzishwa moja kwa moja. Hatajwi tena. Hata mkutanoni, akitaka huenda, na akichoka hujiondokea. Bi Fidencia alishamaliza sita. Alipikia sikukuu ya mtakatifu, alikaa kamati ya shule, alifungua na kufunga maji ya bomba, alishika funguo za zahanati, alitunza mishumaa ya kanisa, na mwaka mmoja mzima aligawa miche ya kahawa. Ya saba ilikuwa hii ya waifai.

Waliteuliwa watatu. Mmoja alikwenda kaskazini kuchuma nyanya mwezi wa pili, hakurudi. Wa pili aliangushwa na nyumbu, nyonga ikavunjika. Akabaki yeye. Na desturi haimwonei mtu huruma: kazi isiyokamilika siku ya kukabidhi haihesabiwi. Ungeirudia toka Januari, mwaka mwingine, ile ile ya saba. Bi Fidencia alipofikiria hilo, magoti yake yote mawili yaliuma kwa pamoja.

Fundi wa mjini alikuja Jumatano, akafunga sahani kubwa kilimani, akaivuta intaneti mpaka ofisi ya kijiji, halafu akaangalia saa. Alikuwa na vijiji vingine sita. "Hiki cha kuwarushia watu mtandao nitakuja kukifunga Jumatatu, mama," alisema, akimkabidhi kisanduku na karatasi ya maelekezo.

"Jumatatu nitakuwa nimeshahukumiwa," Bi Fidencia alimjibu. Lakini gari lilikuwa tayari linanguruma.

Kwa hiyo Ijumaa ile alijifunga mtandio, akachukua miwani, karatasi na kisanduku, akapanda mpaka ofisini. Alimkuta Hermilo akimsubiri na ngazi. Hermilo alikuwa mume wa marehemu dada yake, na mwaka ule zamu yake ilikuwa ya kipaza sauti, kutangaza habari zote za kijiji.

"Haya shemeji, panda," Hermilo alisema.

"Nipande mimi?"

"Si ndiwe mwenye zamu?"

"Na wewe ndiwe mwenye miguu. Panda, mwanamume mzima, unataka nikushike na mkono?"

Hermilo alipanda huku akilalamika. Juu ya paa kulikuwa na bomba la chuma lililosimamishwa wima, na juu yake vipaza sauti vitatu vimeangalia pande tatu. Chini ya vipaza hivyo ndipo walipochagua kukifunga kisanduku. Bi Fidencia alisimama uani akisoma karatasi kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Mshale uangalie juu. Uso wa kisanduku uelekee waliko watu. Mkanda wa chuma ukazwe kwa bisibisi, usizidishe, plastiki itapasuka.

"Uso uelekee wapi?" Hermilo aliuliza.

"Waliko watu."

"Watu wako kila mahali!"

"Bondeni, Hermilo. Nyumba nyingi ziko bondeni. Elekeza korongoni."

Waya uliteremshwa ukutani, ukapitishwa dirishani, ukafika mezani kwa katibu, penye kiboksi kidogo cheusi cha kuutia umeme. Kiboksi kilikuwa na matundu mawili yanayofanana kama mapacha. Hermilo akachomeka. Kimya. Hakuna taa. Akachomoa, akapuliza, akachomeka tena. Akapanda paani kukaza upya kilichokuwa kimekazwa. Akashuka. Ikapita saa nzima hivyo, jua likapanda, na Bi Fidencia, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha katibu akiipumzisha miguu, alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akakisogeza kiboksi karibu na pua.

"Hermilo."

"Naam."

"Tundu moja ni la waya unaotoka kwenye sahani. La pili ni la waya unaopanda juu. Pameandikwa hapa."

"Maandishi yenyewe ni madogo sana."

"Umezibadilisha nyaya."

Hermilo alizichomoa, akazipishanisha. Baada ya muda taa ya buluu ikawaka paani, ndogo kabisa, ikitetemeka. Hermilo alipiga makofi. Bi Fidencia hakupiga, hakuwa na nguvu za kupoteza.

Ikabaki kupanga. Karatasi ilisema kila kitu taratibu, naye alikifuata taratibu kwenye simu yake yenye ufa. Aliingia kwenye mipangilio ya kisanduku, akachagua nchi, akaupa mtandao jina la kijiji, akaambiwa aweke neno la siri lenye herufi zisizopungua nane. Akaandika mahindimekundu. Akajaribu. Ikafunguka. Picha ya mjukuu wake aliyeko Puebla ikajitokeza yote kwa mara moja, bila kuzungukazunguka, meno na vyote.

"Sasa watu wajulishwe," alisema.

Akachukua kalamu, akaandika tangazo vizuri, kama matangazo yote yanavyoandikwa Santa Inés, yawe ya nguruwe aliyechinjwa, ya lori la gesi, au ya mtu anayeitwa nyumbani haraka. Hermilo akawasha mashine, akakohoa mara mbili, akasoma mara tatu kama ilivyo ada:

"Wananchi wote mnatangaziwa! Waifai ya kijiji imeanza! Neno la siri ni mahindimekundu, yote pamoja, herufi ndogo! Wananchi wote, mahindimekundu!"

Wala haikumpitia kichwani hata mmoja wao nani mwingine anasikia.

Jioni ile ilikwenda vizuri mpaka saa nne usiku. Kisha simu zikaanza kusuasua. Jumamosi asubuhi hazikusogea kabisa. Don Ausencio, mwenyekiti wa kijiji, alimkuta Bi Fidencia kisimani.

"Mama, nimejaribu kumpigia binti yangu. Uso umeganda, mdomo wazi, kama samaki."

"Nitaangalia."

"Uangalie leo. Kesho nitampigia mbele ya mkutano. Akiganda tena, unajua wenyewe walivyo."

Alijua walivyo. Akapanda tena ofisini, akasimama mara nne njiani. Akaingia kwenye kisanduku kwa simu, akatafuta ukurasa unaoonyesha simu zilizounganishwa. Nyumba za Santa Inés ni themanini na tatu, simu labda mia. Orodha ilisema mia mbili na kumi na nne. Na nyingi zilikuwa na mstari mmoja tu wa nguvu, zikivuta kwa shida kutoka mbali na kuwachelewesha wote.

"Zinatoka mbali wapi?" aliuliza Hermilo, aliyekuwa akichungulia begani mwake.

Bi Fidencia alimwonyesha kwa kidevu. Alikuwa ameinua uso dirishani. Ng'ambo ya korongo, ambako kwa mruko wa ndege ni mita mia tatu na kwa miguu ni saa moja na nusu, watu wa kijiji cha San Crispín walikuwa wamekaa kwenye kingo za mashamba yao, safu juu ya safu, wengine na miavuli, wengine wamekuja na viti. Wote walikuwa wameielekea Santa Inés kana kwamba wanasikiliza misa. Wote walikuwa wameinamisha vichwa.

"Mama yangu," Hermilo alisema. "Kile kipaza sauti cha tatu."

"Kinaelekea kwao."

"Kimeelekea kwao miaka yote. Hata tukifiwa sisi, wao ndio wa kwanza kuja."

Waliangaliana. Vijiji hivi viwili vilikuwa na ugomvi wa msitu wa misonobari wa mpakani tangu enzi za babu zao.

"Tukigeuze kisanduku," Hermilo alisema.

"Tukikigeuza, nyumba thelathini za bondeni zinakosa."

"Basi badilisha neno, mimi nitatangaza jip..."

Hakumalizia. Jinsi alivyotazamwa, alirudi nyuma hatua moja.

Alibadilisha neno. Na kwa kuwa halikuweza kutangazwa, wala kubandikwa ukutani ambako kila mpita njia wa San Crispín angelisoma akienda sokoni, lilibidi lipelekwe. Nyumba themanini na tatu, sikio kwa sikio. Alichukua daftari, kila mkuu wa nyumba akishasikia aweke sahihi au dole gumba, asije mtu kesho akasema hakuambiwa.

Na Santa Inés huingii nyumba ya mtu ukanong'ona ukatoka. Unakaa. Unaulizwa afya. Kahawa inamiminwa, ina sukari guru, na kikombe hakirudishwi kimejaa. Nyumba ya kumi alikuwa ameshakunywa vikombe kumi. Nyumba ya kumi na nne walimpa tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani, akala nusu, nusu akaifunga kwenye mtandio. Ya ishirini, mzee Nabor alikuwa kiziwi.

"Nimekuja na neno la siri!" alimwambia sikioni.

"La nini?"

"La siri, mzee!"

"Paza sauti!"

"Nikipaza sauti si siri tena!"

Mke wa Nabor alicheka mpaka akakaa chini. Bi Fidencia alimnong'oneza yeye, dole gumba likawekwa, akaendelea. Miguu ilikuwa imevimba, viatu vikawa vidogo. Alipotoka kwenye nyumba ya thelathini na tisa alimkuta mtu amekaa kwenye ukuta wa mawe, kofia magotini, na furushi la mkate. Alikuwa Don Primitivo, kiongozi wa San Crispín, na vumbi lilimfika mapajani.

"Mama Fidencia, salamu za watu wangu. Mbona mmetukatia?"

"Tumewakatia? Nani aliwaalika?"

"Si ninyi? Mlitangaza mara tatu. Wananchi wote. Na sisi ni wananchi." Alimtazama, akatabasamu kwa upande mmoja. "Jana jioni tuliwashukuru kwa kipaza sauti chetu. Hamkusikia?"

"Nilisikia kelele. Nilidhani mna harusi."

"Ilikuwa shukrani, mama."

Bi Fidencia akakaa ukutani kando yake, si kwa adabu, ila miguu ilikataa. Tangazo alikuwa ameliandika yeye, kwa mkono wake, kwa mwandiko mzuri.

"Mimi peke yangu siwezi kuwafungulia, Don Primitivo. Hilo ni la mkutano. Njoo kesho uombe."

"Nitakuja. Shika mkate."

"Nimeshiba mpaka hapa."

"Shika, utachoka."

"Nimeshachoka," alisema, akaupokea. Zilibaki nyumba arobaini na nne. Alizimaliza jua likikaribia kuzama, na ya mwisho alinong'ona akiwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kizingiti, kwa sababu angekaa asingeinuka.

Jumapili ukumbi ulijaa. Don Ausencio aliinua simu juu, akampigia binti yake mbele ya watu wote. Binti akatokea, akasogea, akacheka.

"Baba, vua kofia, nikuone!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Bi Fidencia, kwenye benchi la tatu, alifumba macho. Sasa wangepiga kura, na angepumzishwa.

Lakini mgeni husikilizwa kwanza. Don Primitivo akasimama, akaomba kwa heshima kijiji chake kiruhusiwe kuutumia mtandao, na hapo hapo yakafufuka yote. Msitu. Misonobari iliyokatwa mwaka fulani. Ng'ombe wa nani alikula mahindi ya nani. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Hatimaye mtu wa nyuma akasema, "Kwanza kazi haijakwisha! Kama wanaingia, nani atawanong'oneza nyumba sitini za kule? Mama Fidencia aendelee mwakani, ameshazoea!"

Vichwa kadhaa vikaitikia. Bi Fidencia alisikia moyo ukishuka mpaka kwenye vile viatu vilivyombana. Akashika mgongo wa benchi la mbele, akasimama.

"Nitasema kidogo, sina pumzi ya mengi. Mlinipa kazi ya kuweka waifai Santa Inés. Imewekwa, na Don Ausencio amevuliwa kofia mbele yenu." Watu wakacheka. "Kutangaza lile neno ni kosa langu, si la Hermilo, yeye alisoma tu. Kosa hilo nimelitembea. Daftari hilo hapo, sahihi themanini na tatu. Kuwapa majirani ni jambo jema au baya, mtaamua. Lakini ni kazi mpya. Na kazi mpya ni ya mtu mpya. Mimi naomba mnipigie kura sasa, kabla ya misonobari, kwa sababu misonobari haitaisha leo."

Mtu wa nyuma alisema, "Lakini..." na mke wa mzee Nabor akamgeukia: "Lakini nini? Ulimwona akipanda kwako jana? Ulimsogezea hata kiti?"

Don Ausencio alilifungua daftari, akageuza kurasa zote, taratibu, dole gumba kwa dole gumba. Akalifunga.

"Wanaokubali zamu ya saba imekamilika, wanyanyue mkono."

Mikono ikapanda. Hermilo alinyanyua yote miwili, akaambiwa ashushe mmoja. Katibu alihesabu mara mbili, akaandika, akaitikia kwa kichwa.

"Umepumzishwa, mama," Don Ausencio alisema. "Asante."

Bi Fidencia alikusanya mtandio wake. Katika miaka yote hakuwahi kutoka mkutanoni kabla haujaisha, na mwili wenyewe ulisita kidogo pale mlangoni, ukisubiri kuitwa. Hakuna aliyemwita. Nje kulikuwa na ukungu na baridi nzuri. Alishuka ngazi za ukumbi moja moja, mkono ukutani, na nyuma yake walikuwa wameshaanza upya habari ya ng'ombe.