Ndiyo ya Santo

Maji yalimfika Santo kifuani, na boti la mpira lilikuwa linamvuta mikono yote miwili. Mawimbi ya pwani ile hayana adabu. Linakuja dogo, linakuja dogo jingine, halafu linakuja moja linalokutafuta wewe. Kazi yake ilikuwa kusimama humo, ndani ya suruali ya mpira iliyokwisha kuvuja gotini, alishikilie boti lisipinduke mpaka wageni kumi wageuke, watoe miguu nje na washuke kwenda kuwaangalia pengwini. Alikuwa amesimama tangu wageni walipomaliza kifungua kinywa. Vidole aliacha kuvisikia boti la nne, na hili lilikuwa la tisa.

"Geuka kwanza, bwana. Miguu baadaye," alisema kwa Kiingereza chake cha kazini.

Mzee wa koti jekundu hakugeuka. Alikuwa ameinua kamera juu isilowe. Wimbi likalinyanyua boti, mzee akateleza ubavuni, na mwili wote wa mtu aliyekula akashiba miaka sabini ukamwangukia Santo begani. Angeweza kukwepa. Lakini mgeni akilowa ni aibu, mgeni akizama ni kesi, na baharia wa Kifilipino anayetaka kuitwa tena msimu ujao hakwepi. Akamdaka. Boti likarudi na wimbi, likambana mgongo kwenye jiwe, na kitu kikalia ndani ya kiuno chake, kidogo tu, kama mtu anayevunja kijiti cha kuwashia moto.

"Haijalowa!" mzee akawaonyesha wenzake kamera. Wakampigia makofi.

Santo alilishikilia boti mpaka mgeni wa kumi akashuka. Ndipo akaomba atolewe majini, maana mguu wa kushoto ulikuwa umemkatalia.

Kila mmoja wetu mabaharia wa ghorofa ya chini ya meli anaijua sheria hii kabla hajajua jina la nahodha wake: ukiumia kazini, kampuni inakutibu mpaka upone. Ukipanda na ugonjwa wako, unashuka nao. Basi Santo alipolazwa kwenye kitanda cha zahanati, pamoja na maumivu yote yale, moyo wake ulikuwa umetulia. Ameumia kazini, mchana kweupe, mbele ya watu kumi wenye kamera.

Daktari alikuwa mama mstaafu aliyekuja safari hii kwa ajili ya ndege wa baharini. Alimchoma sindano, akampapasa uti wa mgongo, akamkwaruza nyayo kwa ncha ya ufunguo, uso ukambadilika.

"Huyu anataka kupigwa picha ya mgongo, na nadhani kupasuliwa," alimwambia ofisa mkuu. "Si jambo la kungoja wiki. Neva ikibanwa muda mrefu, mguu hauponi tena."

Ofisa mkuu, Bwana Brandvold, sote tunamwita Chifu. Watu wanasema hakuwa mtu mbaya. Mimi nasema mtu mbaya ana nafuu, kwa sababu ukimwona unajihadhari. Chifu alivuta stuli, akaweka fomu gotini, akauliza kwa Kiingereza, kwa upole.

"Jina kamili?"

"Crisanto Magbanua, mkuu."

"Umeumia saa ngapi?"

"Kama saa tano, mkuu."

"Hukuwa na shida yoyote ya mgongo kabla ya kupanda meli?"

"Ndiyo, mkuu."

Chifu aliinua macho. "Ndiyo?"

"Ndiyo, mkuu," Santo akarudia kwa sauti zaidi, akifurahi kwamba swali lenyewe hasa limeulizwa na limeandikwa. Alitamani kuongeza kwamba mgongo huu umebeba magunia ya maembe kisiwani kwao Guimaras tangu akiwa na miaka kumi na minne na haujawahi kumsumbua hata siku moja. Lakini ofisa hahutubiwi. Ofisa anajibiwa.

"Sahihi hapa," Chifu akasema, na Santo akatia sahihi.

Siku ya pili meli ilikuwa katikati ya bahari kuu, inarudi bandari ya Ushuaia, Ajentina, inayumba vibaya. Walikuwa wamemrudisha chumbani kwake na kumfunga kitandani kwa mikanda asianguke. Kila meli ilipolala ubavu, maumivu yalishuka kutoka kiunoni hadi pajani, yakaishia hapo. Chini ya goti hapakuwa na kitu. Hilo ndilo lililomtisha.

Ate Perla aliingia na bakuli la uji wa wali wenye tangawizi, akilikumbatia lisimwagike. Ate ni dada mkubwa, na sote tulimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Miaka kumi na miwili alifundisha Kiingereza shule ya msingi, kabla mshahara wa ualimu haujamleta huku kutandika vitanda vya watu.

"Kula. Ukifa njaa watasema nayo ulikuja nayo," alisema, akakaa ukingoni.

"Ate, mguu siusikii."

"Upi? Huu?" Alichomoa sindano ya kushonea vifungo kwenye kola yake, akamchoma kisigino. Santo alikuwa anamwangalia usoni akingoja. Perla akaiweka sindano polepole mahali pake, hakumwambia kwamba ameshachoma.

Akachukua nakala ya fomu iliyokuwa chini ya mto, akaisoma kwa mazoea yake ya kusahihisha madaftari. Akafika katikati, akarudi juu.

"Santo. Hapa pameandikwa ulikuwa mgonjwa wa mgongo kabla hujapanda."

"Nani kaandika?"

"Sahihi ni yako."

"Mimi? Nina wazimu, Ate? Niseme hivyo kwa lipi?"

"Alikuulizaje? Nitajie vilevile, neno kwa neno, kwa Kiingereza."

Akamtajia. Perla akafumba macho.

"Na wewe ukasema ndiyo."

"Ndiyo. Si ndiyo, sikuwa na shida."

"Hiyo ni ndiyo yetu, mdogo wangu. Kwetu mtu akikuuliza 'hujala?' na tumbo linakuuma kwa njaa, unajibu ndiyo, maana yake kweli, sijala. Wao ukiwajibu ndiyo wanajua umeshiba. Pale ulitakiwa kusema hapana."

"Nimwambie ofisa hapana?"

"Ndiyo."

"Ndiyo yetu au yao?"

Wakacheka, wote wawili, cheko moja fupi lililomuumiza Santo mpaka akang'ata mto. Kisha akalia. Hakulia kwa maumivu. Alikuwa na miaka thelathini na minane, ana mke Guimaras aliyekuwa anamwambia kila mtu sokoni kwamba mume wake anafanya kazi kwenye barafu na hajawahi kuumwa hata mafua. Amemwaga unga wake mwenyewe, kwa adabu.

Chifu alipita kabla ya chakula cha mchana, ameshikilia kizingiti cha mlango kwa mikono miwili kwa vile meli inavyocheza.

"Ofisi imejibu," alisema. "Ushuaia utashushwa, hospitali ya bandarini itakupa dawa za njiani, halafu ndege mpaka Manila. Kuanzia hapo matibabu ni juu yako, kwa kuwa tatizo ni la zamani. Pole sana, Santo. Kwa kweli."

Perla alisimama, mikono ameifunga mbele ya aproni. Akaeleza yote: swali, jibu, na jinsi lugha yetu inavyoenda. Alieleza taratibu, kwa Kiingereza safi kuliko cha Chifu mwenyewe. Chifu alisikiliza mpaka mwisho, tena kwa makini.

"Kwa hiyo mkisema ndiyo, maana yake hapana? Ajabu. Miaka tisa nafanya kazi na nyinyi, hakuna aliyeniambia."

"Si hapana, mkuu. Maana yake ni kwamba ulilosema ni kweli. Umesema hakuwa na shida, naye akakubali kwamba hakuwa nayo."

"Nimeelewa. Inavutia sana."

"Basi fomu itabadilishwa, mkuu?"

"Fomu imeshatumwa, Perla. Nikituma nyingine wataniuliza ya kwanza ilikuwa na uongo wa nani. Niseme wangu?"

"Lakini alipimwa Manila kabla ya kupanda. Cheti kinasema mzima."

"Hapo ndipo pabaya. Ofisi inasema alimficha hata daktari." Meli ikalala, akangoja inyooke. "Naona vyumba vya ghorofa ya nne bado havijatandikwa. Na mkataba wako unaisha Machi, sivyo? Natumaini unapenda kurudi kwetu."

Perla aliangalia sakafu. Ana watoto wawili chuoni, hata Santo alilijua hilo, na hata Santo hakumlaumu. Akachukua bakuli, uji ukiwa nusu, akatoka akipita chini ya mkono wa Chifu.

Ushuaia walifika asubuhi, siku ya kubadilisha wageni. Siku hiyo hakuna mtu anayeruhusiwa kuacha kazi yake, maana wageni wapya hupanda mchana. Perla aliiba dakika moja tu, akiwa na mashuka begani.

"Sikiliza. Wakikuuliza chochote, usijibu ndiyo wala hapana. Sema sentensi nzima. 'Mgongo wangu ulikuwa mzima nilipopanda.' Sema."

"Mgongo wangu ulikuwa mzima nilipopanda."

"Tena."

Alisema tena. Alisema mara tano peke yake, hata baada ya Perla kuondoka, na alikuwa bado anaisema kimoyomoyo walipomtoa akiwa amefungwa kwenye machela. Walimlaza karibu na mlango wa mizigo, ule wa chini wanakotolea mifuko ya taka, kwa kuwa ngazi ya juu ilikuwa na wageni wanaopigana picha za mwisho. Baridi iliingia. Nje dereva wa gari la wagonjwa alikuwa anavuta sigara.

Chifu alikuja na ubao wa fomu, akachuchumaa kabisa, wakawa uso kwa uso.

"Moja tu ya mwisho, halafu unaenda nyumbani. Huna malalamiko yoyote dhidi ya meli wala kampuni?"

"Mkuu, mgongo wangu ulikuwa—"

"Ndiyo au hapana, Santo. Kuna visanduku viwili tu."

"Mkuu, sentensi moja."

"Ndiyo au hapana. Gari linasubiri."

Santo alifikiri. Alifikiri kuliko alivyowahi kufikiri maishani mwake, sindano ya asubuhi ikiwa bado imemlevya kichwa. Kwetu, hapa mtu mwenye malalamiko angesema hapana. Lakini hapa si kwetu. Kwao, mwenye kitu anasema ndiyo, anacho. Perla amemfundisha, na safari hii hatakosea. Akamkazia Chifu macho, jambo ambalo hajawahi kumfanyia ofisa.

"Ndiyo," akasema kwa Kiingereza, wazi kabisa.

Chifu akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kweli, la mtu aliyefurahi kujifunza jambo.

"Unaona? Juzi ningekosea hapa. Ndiyo yenu: nililosema ni kweli. Huna malalamiko." Na kalamu ikaweka alama.

"Hapana, mkuu." Santo alijaribu kuinuka kwa viwiko, mikanda ikamrudisha. "Hapana. Hapana, mkuu."

"Hapana malalamiko," Chifu akaitikia huku anaandika tarehe. "Nimekusikia."

Akamwekea kalamu katikati ya vidole, akamshikia ubao ukae sawa, asipate taabu ya kuandika.