Risasi ya Kumuulia Elki

Kwa faida ya wasomaji wasiobahatika kuonana na elki, natangaza kuwa mimi pia sijaonana naye. Nimeona picha yake kwenye simu ya Bu Nasir: mnyama wa jamii ya ayala, mwili wa ng'ombe, pembe kama mti uliopukutika majani, na uso wa mwalimu wa zamu aliyekukuta nje ya bweni baada ya kengele. Anaishi kwenye milima ya baridi kali huko Asia ya Kati. Bu Nasir, tajiri wa baba yangu, anaishi Doha. Umbali huo ulipaswa kuwatosha wote wawili.

Haukuwatosha. Mwaka jana, yaani 2011, Bu Nasir alimfuata elki huko huko, akampiga begani, elki akakimbia. Kesho yake walimkuta amekufa ndani ya mto. Sasa, ameuawa na risasi au na maji? Hakuna aliyejua, na windo likikutwa majini namna hiyo haliliwi. Nyama yote ile waliachiwa mbwa mwitu, na Bu Nasir akarudi Doha na mzigo ambao forodha hawakuukagua: aibu.

Ndiyo maana safari hii alitaka kwenda na mchinjaji mwenye mbio. Na hapo ndipo anapoingia baba yangu, Makame, dereva wake, ambaye kabla ya kushika usukani alichinja ng'ombe Unguja kwa miaka mingi. Mpango ulikuwa rahisi. Elki akianguka bila kufa, baba anakimbia na kisu, anapiga bismillahi, anachinja, watu wanakula.

"Atakayevumilia baridi pamoja nami," alisema Bu Nasir, "ndiye nitakayemwachia shamba la Umm Salal."

Shamba hilo lina mitende, mbuzi wasio na adabu, na nyumba ya msimamizi, na msimamizi huruhusiwa kuishi na familia yake. Baba alikuwa akilala chumba kimoja na madereva wenzake. Mama yangu, Rehema, yuko Unguja. Mimi Warda niko shule ya bweni Tanga, na likizo hii ya Juni nilikuja kwa viza ya matembezi. Familia yetu ilikuwa ikikutana kamili kwenye simu tu, tena mtandao ukipenda. Kwa hiyo nilikuwa nimekata shauri kuwa baba ataiona theluji, hata ikibidi nimwandikie elki barua ya mwaliko.

Kikwazo kilikuwa risasi. Bu Nasir alikuwa na maboksi mawili, na barazani kwake kila mgeni alikuwa na fatwa yake. Boksi la kwanza lilikuwa la risasi nyepesi, zenye kasi ya ajabu, laini mbele. Hizo ndizo alizozizoea kwa swala. La pili lilikuwa la risasi nzito, ambazo hufunguka kama uyoga zikigonga nyama lakini hazivunjiki, bali huendelea na safari hadi moyoni na mapafuni.

Baba alinieleza hali ilivyo tukiwa wawili tu garini alfajiri, kabla ya kumchukua Bu Nasir kwenda uwanja wa kulengea shabaha nje ya mji.

"Mwindaji akitaja jina la Mungu anapofyatua, risasi ikamchoma mnyama akafa pale pale, huyo ni halali. Hahitaji kisu tena."

"Kwa hiyo hahitaji na wewe."

"Na mimi, ndiyo."

"Basi tunataka risasi mbovu."

"Warda!"

"Risasi dhaifu kiafya, baba."

Alinitazama kwenye kioo. Hakucheka, lakini hakukataa.

Uwanjani, kwa ruhusa ya mwenye uwanja, tulipanga madumu ya maji kwenye mstari mmoja, na mbele yake tukaegemeza mfupa wa bega la ng'ombe kutoka buchani. Dumu la mwisho nililijaza mimi, na nililijaza Vimto, sharubati nyekundu kama damu. Nilifanya hivyo kwa ajili ya elimu. Nilitaka kujua mtu mzima aliyevaa kanzu nyeupe, jicho lake likiwa kwenye darubini, hupiga kelele ya namna gani.

Bu Nasir alianza na risasi nyepesi. Mfupa ulisambaratika, dumu la kwanza likaruka juu likachanika kama daftari la hesabu, la pili likapasuka. Yaliyobaki hayakuwa na habari.

"Mashallah!" alipaza sauti. "Umeona, Makame? Hiyo ni radi!"

Tukapanga mfupa mwingine na madumu mapya mbele, kisha akapiga ile nzito. Mfupa ukatoboka. Madumu ya mbele yakatikisika na kuanza kuvuja kwa utulivu. Halafu dumu la mwisho likatapika wekundu kwenye mchanga mzima.

"Ya Allah! Nimempiga nani?"

Jibu la utafiti wangu: kelele nyembamba, kama ya mbuzi aliyekanyagwa mguu. Baba alinitazama kwa jicho lililonikumbusha kuwa viza ya matembezi hufutwa. Bu Nasir alipoonja mchanga kwa ncha ya kidole na kutambua ladha, alicheka hadi kilemba kikamlegea.

"Binti yako huyu, Makame, ni janga."

"Najua, Bu Nasir. Samahani sana."

"Lakini tumeamua. Ile ya kwanza ina nguvu. Hii ya pili imepita tu, kama mgeni aliyekataa chai. Chukua boksi la kwanza. Na unoe kisu!"

Tulikuwa tumeshinda. Nilikwishaanza kuchagua chumba changu Umm Salal, kile chenye dirisha la upande wa mitende. Lakini baba alikuwa amechuchumaa kwenye lile dumu lililopasuka, akiokota vipande vya risasi vilivyokuwa vidogo kama punje za mtama.

"Baba, twende," nilimnong'oneza. "Jua limetoka."

Hakuondoka.

"Bu Nasir," alisema, "mimi bunduki sizijui. Najua kisu. Na anayechinja hamwonyeshi mnyama kisu. Hata kunoa, unanoa upande asikokuona, asije akafa kabla hajafa."

"Sasa?"

"Hii imekwisha hapa begani." Alifungua kiganja. "Elki ataondoka nayo. Mimi nitamfukuza kutwa nzima milimani, naye muda wote huo anakiona kisu. Hata nikimpata, sitaki kuchinja mnyama wa namna hiyo. Tumia ile nzito."

Bu Nasir alikwenda hadi dumu la mwisho, akatia kidole kwenye tundu lake, akarudi.

"Nikitumia hiyo, nitakupeleka kufanya nini?"

"Hakuna, bwana. Hapo huna haja na mimi."

Nilitamani kumfinya baba. Nilijiona nimerudi bwenini, nikipanga foleni ya simu.

Njiani baba aliendesha, Bu Nasir alikaa nyuma karibu yangu na boksi la risasi nzito mapajani. Tulipokaribia mzunguko wa kuingia mjini akauliza:

"Makame, unavaa kiatu namba ngapi?"

"Arobaini na tatu. Kwa nini?"

"Kule hakuna kandambili. Mwaka jana nilikwenda na marafiki zangu, na elki alipokuwa mbali, kajificha nusu nyuma ya mti, wote waliniambia 'piga'. Hakuna hata mmoja aliyesema 'acha'. Risasi nzuri ninayo sasa. Nahitaji mtu wa kusema 'acha'."

Baba akakosa kona ya kutokea, tukauzunguka mzunguko wote upya. Bu Nasir hakulalamika.

"Ammi," nikasema kwa unyenyekevu mkubwa, "kusema 'acha' ni kipaji cha ukoo wetu. Mama ndiye bingwa. Ungemwona."

"Nitamwona," alijibu. "Shamba haliwezi kukaa na mwanamume peke yake, mbuzi watamdharau."

Jioni nilimpigia mama. Nilimweleza yote: elki, mto, mfupa, Vimto kwa ufupi. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Hiyo nyumba," akauliza, "ina madirisha mangapi? Nijue mapazia."